Kidole Nilichoshindwa Kuinua

Kwetu Ngamiani ubishi wa mpira wa miguu ni wa kila mtu, lakini ubishi wa kriketi una baraza lake moja tu, nje ya nyumba ya mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenilea tangu baba alipofariki. Hapo hukaa wazee wachache waliowahi kucheza, na vijana wa timu ya mjini wanaokuja kunywa kahawa na kuwachokoza. Swali ni lile lile kila siku. Wapigaji wa leo, hawa tunaowatazama kwenye simu wakiupeleka mpira jukwaani watakavyo, na mjomba wangu enzi zake, nani zaidi?

Kwamba mjomba ndiye mpigaji mkubwa kuliko wote waliopata kutokea Tanga, hilo hata vijana hawalikatai. Alijifunza kwenye shamba la mkonge alikokuwa karani baba yake. Siku moja wachezaji wa hapo shambani walipungukiwa mtu wa kukimbiza mipira, wakamwita, na baada ya hapo hawakuweza tena kumtoa uwanjani. Kinachobishaniwa ni kama leo angefua dafu.

"Mjomba, ninyi mlikuwa mkipiga za chini chini," kapteni wa vijana humwambia, kwa sauti ya juu kwa sababu masikio ya mjomba yamekwisha. "Siku hizi mtu anageuza gongo anakupiga sita ya nyuma."

Mjomba ana jibu moja tu. "Sawa, yakhe. Lakini mkidakwa hamtoki. Mnasimama mkimkodolea macho mwamuzi."

Asiyeujua mchezo nimweleze. Sita ni mpira uliopigwa ukavuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini, nao huleta pointi sita. Mpira ukigusa ukingo wa gongo, hata kidogo, kisha ukadakwa kabla haujafika chini, mpigaji ametoka. Mara nyingi mguso wenyewe haumfikii mtu mwingine yeyote ila aliyeshika gongo. Wapigaji wa zama za mjomba walikuwa na desturi ya kutomsubiri mwamuzi. Ukijua umegusa, unatia gongo kwapani unaondoka. Mjomba anakumbukwa mjini kwa hilo kuliko kwa mipira aliyoipiga. Na vijana wakisikia jibu lile hucheka, kisha hubadilisha mazungumzo. Ujana umekwenda, macho yanakwenda, lakini jibu lile lilikuwa bado mali yake.

Mimi nilikuwa upande wa vijana, sifichi. Napenda sita. Mazungumzo ya mjomba yalikuwa yakinichosha, na mbele za watu yalikuwa yakinitia haya, kama haya anayoona mtu mzazi wake akianza kuimba harusini.

Kila Idi pili wazee na vijana hucheza. Tunatandaza mkeka wa makumbi juu ya zege, tunaukaza kwa vigingi, na kwa kuwa goti langu halina kazi tena, mimi huwa mwamuzi. Mjomba kwa miaka mingi amekuwa akikaa chini ya turubai na wazee wenzake. Mwaka huu akatangaza kwamba atapiga.

Niliona haya tangu asubuhi. Suruali yake nyeupe ilikuwa ya mtu mnene kuliko alivyo sasa. Kinga za miguuni zilikuwa zimefungwa kwa kamba ya katani, na kichwani amevaa kofia yake ya viua, hataki helmeti. Alitembea kuja kwenye mkeka taratibu mno hata watu wakaanza kumpigia makofi ya kumsindikiza. Vijana wote walikuwa wameinua simu. Nilijua kabla ya adhuhuri video itakuwa kwenye kila kundi la mjini, nikatamani niwe mgeni wa Muheza niliyepita njia tu.

Kapteni mwenyewe ndiye aliyerusha, akaupunguza mpira kwa heshima. Mjomba aliungoja. Akaungoja tena, mpaka nikadhani hauoni, kisha akageuza viganja kidogo tu na mpira ukapita katikati ya watu wawili ukaenda hadi kwenye kamba ya mpaka. Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Na mimi nilisahau kwamba ni mwamuzi, nikatabasamu.

Uliofuata aliutaka vile vile. Nikasikia tik, kama mtu anayevunja mbegu ya boga kwa meno, na kijana aliyekaa nyuma ya vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji akaudaka. Wote wakanigeukia, "Vipi hapo, mwamuzi?"

Kumtoa mtu, mwamuzi huinua kidole kimoja. Kwetu humwinulii kidole kaka wa mama yako, bibi angekikata. Huo ndio udhuru nilioutoa baadaye kwa kila aliyeniuliza, na una ukweli wake. Lakini ukweli hasa ni kwamba nilimwonea haya. Sikutaka simu zile zimchukue akitoka mapema vile. Nikatikisa kichwa.

Mjomba alikuwa ameshatia gongo kwapani. Umri ndio uliomchelewesha kugeuka, na alipogeuka akaniona nikitikisa kichwa. Akasimama.

"Wasemaje?"

"Hujatoka, mjomba."

Hakusikia. Akaja karibu, mkono sikioni. Ikanibidi nipige kelele, mpaka waliokuwa wakinunua bajia nje ya uwanja wakageuka. "Nasema hujatoka! Haukugusa!"

"Haukugusa?"

"Haukugusa, mjomba."

Kisha akasema, kwa sauti ile kubwa ya watu wasiosikia, "Masikio yangu yamekufa, mwanangu. Mikono bado." Akaondoka. Hakuna aliyepiga makofi, maana kumpigia makofi yeye ilikuwa ni kunizomea mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ingeishia hapo ningeweza kulala. Lakini zamu ya vijana ilipofika, kapteni naye aligusa mpira, mguso uliosikika mpaka kwenye turubai, akadakwa. Nikainua kidole upesi. Yeye si mjomba wangu.

Hakuondoka. Aliliegemea gongo lake akasema, bila ukali, "Haukugusa, mwamuzi."

"Nimesikia. Toka."

"Safari hii umesikia?"

Wenzake wakacheka. Nilibaki na kidole hewani, nikakitazama, nikakishusha. Akaendelea kupiga, na kweli anajua kupiga. Ile sita ya nyuma aliipiga vizuri kuliko za kwenye simu. Wazee wakafungwa. Mjomba alikuwa chini ya turubai, na macho yake yanaona ya mbali vizuri kuliko ya karibu.

Tangu siku hiyo baraza linaendelea kama kawaida. Kapteni anakuja, anamwamkia shikamoo, anamchokoza kuhusu zile za chini chini. Mjomba anakunywa kahawa. Lile jibu halitoi tena, kwa sababu akilitoa, yeyote anaweza kumwonyesha mimi niliyeketi pembeni yake, mwamuzi aliyemdanganyia. Nimemnyang'anya jibu lake, na sina mkononi kitu cha kumrudishia.

Juzi walizungumzia mchezo ujao na watu wa Korogwe, mtu mmoja akauliza nani ataamua. Mwingine akanitaja, kwa mazoea tu.

"Mtafuteni asiye na mjomba," mjomba akasema.

Baraza zima likacheka. Nami nikacheka, nikanyanyua birika nikamjazia kikombe chake, kama ninavyofanya kila siku, naye hupokea bila kuniambia neno. Akakipokea kwa mikono miwili, akaniambia ahsante, vile anavyomwambia mgeni.