Ngumi Aliyoiogopa Namukolo

Kabla ya kuuza mitumba hapa Chawama, Lusaka, Namukolo alikuwa bondia. Meno yake ya mbele yalichomoza, kila pambano anatoka midomo imechanika. Mumewe, Mubita, akampeleka kufungwa nyaya za kunyoosha meno. Meno yakanyooka vizuri, lakini daktari akamwonyesha picha ya mwisho ya eksirei.

"Mwili umekula mizizi ya meno," akamwambia. "Wakati mwingine hutokea meno yakivutwa na nyaya. Haya ya mbele yamebaki na vijizizi vifupi. Ukiyatunza utakula nayo miaka mingi. Ila ngumi moja tu, mama, yote chini."

Akaacha ulingo. Hata hindi akawa analipukuchua kwa vidole.

Mubita akafa kwa ajali ya lori. Matanga hayajaisha, shemeji yake Lubinda akaja na vijana wake kubeba vitu. Mimi ni jirani yake, ua wetu ni mmoja, nikatoka kuona.

"Toka, shemeji. Nyumba ya kaka yangu hii."

"Tulijenga wote. Matofali nilibeba kwa kichwa hiki."

"Kaka kakununulia meno, bado unataka na nyumba?" Vijana wakacheka, godoro begani.

Namukolo akasimama mlangoni. Lubinda akamtandika ngumi ya mdomo.

Niliyaona meno yakidondoka vumbini, meupe, mazuri, chini yake hakuna mzizi wa maana. Namukolo naye aliyaona. Akapangusa damu kwa kiganja, akainua mikono.

"Haya," alisema. "Sasa sina cha kuogopa."

Ngumi ya kwanza ilimwingia Lubinda mbavuni, akajikunja. Ya pili ikavunja pua, nikasikia ikilia kama kuni kavu. Lubinda alipoanguka, Namukolo akamkalia kifuani, akaendelea. Vijana walitupa godoro, wakakimbia. Mume wangu na mimi tulimvuta kwa nguvu zetu zote.

"Mwache, dada! Utaua!" nikapiga kelele.

Lubinda alitambaa mpaka getini. Baadaye mahakama ilimpa Namukolo nyumba, na Lubinda akafungwa kwa kumpiga.

Lakini siku ile Namukolo alisukutua maji ya chumvi, akaniomba nimsaidie kurudisha godoro ndani. Tulipolitandika akalala upande wa Mubita, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akalia.