Shubaka la Chumba cha Kushonea

Jirani yetu alipojenga bafu nyuma ya chumba ambacho mama hushonea, aliomba tuzibe dirisha letu. Tukaliziba. Mama akahamishia cherahani mlangoni, ikawa mvua ikinyesha anaacha kushona. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na alikuwa na sare za watoto wa mtaa mzima.

Baba ni kibarua wa kubomoa meli kuukuu huko Kurasini. Jioni moja alirudi na taa iliyozungushiwa kizimba cha chuma, na kidirisha cha duara chenye fremu ya shaba.

"Melini hili haliitwi dirisha," alisema. "Ni shubaka. Na hiki kifuniko chake cha chuma. Bahari ikichafuka, baharia anakishusha akiwa ndani, kioo hakivunjiki."

Mama aliitazama ile taa. "Hiyo inakula umeme. Mie nataka mchana." Baba akasema basi shubaka litapachikwa pale tulipoziba.

Jirani akaja kabla hatujala. "Shemeji, nasikia mnataka kunichungulia nikioga."

"Si dirisha, shemeji," baba alisema. "Ni shubaka la meli."

"Meli yenyewe mmeipaki wapi?"

"Kioo chake kinene, huwezi kumtambua mtu."

"Basi kaoge wewe, mie nichungulie, tuone."

Mama alicheka. Baba hakucheka. Jirani akaondoka akisema jambo hilo litafika kwa mjumbe wa mtaa.

Baba alimwita fundi hivyo hivyo, halafu akaenda kazini. Fundi hakuwahi kuona shubaka. Madirisha yote aliyowahi kupachika yalifungukia nje, naye akaliweka hivyo hivyo, kifuniko upande wa bafuni. Baba aliporudi, saruji ilikuwa imeshika.

"Sasa baharia atoke nje akafunge, azame?" alimuuliza fundi, akachukua patasi alibomoe.

Wakati huo huo chumba kikaingia giza. Kikapata mwanga. Kikaingia giza tena. Jirani alikuwa amekiona kifuniko na alikuwa anakijaribu. Halafu sauti yake ikapita juu ya ukuta.

"Shemeji, kikibaki huku kwangu sina neno. Nikioga nafunga."

Mama alimnyang'anya baba patasi.

Sare zilikwisha kabla ya shule kufunguliwa. Jirani mpaka leo akimaliza kuoga husahau kufungua. Mama husimamisha cherahani, akagonga kioo kwa mkasi, akasubiri. Ile taa ya meli iko chini ya kitanda.