Nguzo Bila Waya Mtongwe

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa karani wa kupiga taipu katika kampuni ndogo ya nyaya za simu, Changamwe. Nikitoka kwetu Mtongwe, nikivuka kwa feri, nikifika kazini, huwa nimeshachoka kabla ya kuvua buibui.

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kampuni itakayopeleka simu mashambani itasamehewa ushuru wa vifaa inavyoagiza ng'ambo. Tajiri wangu akaniita.

"Wewe si watoka Mtongwe? Kuna simu huko?"

"Hakuna. Mtu akifiwa, habari huja kwa miguu."

Akanipa fomu nikakusanye sahihi za wakazi wanaotaka simu. Wa kwanza kutia kidole alikuwa mama yangu. Dada yangu aliolewa Maskati, na ili kumsikia sauti mama ilimbidi avuke aende mjini, apange foleni ya simu posta, na mara nyingi arudi bila kumpata. Majirani nao wakatia. Walisema aliyeleta fomu ni mtoto wao, hawezi kuwahadaa.

Msamaha ukapatikana. Marobota ya waya yakatoka bandarini bila ushuru. Nguzo zikasimamishwa Mtongwe, moja ukutani mwetu kabisa. Waya wenyewe ukavutwa mpaka hoteli moja ya ufuoni, kila chumba kikapata simu. Sisi tukabaki na nguzo, majirani wakifungia mbuzi.

Siku ya kuandika ripoti, tajiri alisimama nyuma yangu. "Andika Mtongwe imefikiwa."

"Waya haujafika, bwana."

"Nguzo si zipo? Andika."

Nikaandika, na nakala mbili za kaboni. Hakunitisha. Nilikuwa nimechoka tu, nataka kurudi nyumbani.

Miezi ikapita mama akiuliza, "Mwanangu, hizo nyaya zi wapi?" nami nikijibu, "Zaja, mama." Mpaka adhuhuri moja, akipepeta mchele, nikamweleza yote. Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Na jina langu lilikuwemo?"

"Lilikuwemo. La kwanza."

"Haya," akasema, akaendelea kupepeta.

Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza, wala hakuuliza tena. Kazi ile sikuiacha kwa ushujaa. Kampuni ilifungwa, nami nikakaa nyumbani kushona.

Simu ilifika Mtongwe katikati ya miaka ya tisini, moja tu, katika duka la jirani. Dada akaandika barua kwamba atapiga Ijumaa baada ya swala. Tulienda mapema, mama amevaa leso mpya. Lakini masikio yake yalikuwa yameshapunguza kazi. Aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili, akaita, "Abee? Abee, mwanangu?" kisha akanipa.

Dada alikuwa akilia upande wa pili. "Amenisikia?" akauliza.

Nikamgeukia mama.

"Mwambie nimemsikia," mama akasema.

Nikamwambia. Kisha tukarudi nyumbani polepole, yeye ameshika bega langu, tukipumzika kila hatua chache.