Tangi Lililosimama kwa Kichwa

Saa tatu asubuhi, jua linapenya kwenye nafasi za mabati ya banda la uani. Mwanamke aliyevaa miwani mikubwa ya fundi na glavu zinazofika viwikoni anazungusha mpini wa pampu, polepole, kama anayembembeleza mtoto mkaidi alale. Ndani ya tangi mafuta yanazunguka. Hayasikiki kwa sikio, yanasikika kwa mkono.

"Mwanzoni yananinunia," anasema bila kusimama. "Baada ya nusu saa yanalegea. Mkono wenyewe unaniambia."

Majirani wanamwita Mama Chujio. Ana miaka hamsini na miwili, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Siku hizi anapika kisicholiwa: anageuza mafuta yaliyokwisha kukaangia kuwa dizeli. Migahawa minne humpa masalia hayo bure, tena kwa shukrani, maana yalikuwa yakiizibia mitaro.

Dizeli hiyo ni ya mashine ya kusaga nafaka aliyoachiwa na marehemu mumewe. Dizeli ya kununua ilipopanda bei, aliizima. Ikakaa kimya miezi minane.

"Nilikuwa nikijilaza kidogo mchana, naisikia inaunguruma. Natoka mbio, kanga mkononi, nakuta buibui tu," anasimulia, macho yakiwa mbali.

Wazo lilitoka kwa bintiye, mtaalamu wa maabara anayeishi mji mwingine. Alipokuja likizo alimkuta mama yake akimwaga mafuta meusi ya kikaangio.

"Mama, hiyo unayomwaga ni dizeli iliyovaa nguo za jikoni," alimwambia.

Akamweleza kwamba mafuta huchujwa, hupashwa moto ili maji yatoke, kisha huchanganywa na methanoli, aina ya spiriti, na soda kali. Yakitulia, uzito, yaani ute mzito wa gliserini, hushuka chini na dizeli hubaki juu. Mama Chujio aliandika yote nyuma ya kalenda.

Jaribio la kwanza alilifanya kwenye pipa la plastiki. Joto lilililegeza, likabonyea ubavuni, na mchanganyiko ukatapakaa sakafuni. Tone la soda lilimpata juu ya kifundo cha mkono. Kovu lipo hadi leo, dogo kama mbegu ya tikiti.

Binti alilia kwenye simu. "Mama, kama ndiyo hivi, acha. Sitaki kukuzika kwa ajili ya mashine."

Aliacha kwa wiki mbili. Kisha akamwendea shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kuchomelea, wakaongozana hadi kwa muuza vyuma chakavu. Shemeji akashika pipa la kwanza aliloliona. Mama Chujio akakataa. Alitaka chombo cha chuma, chenye mfuniko unaobana, kwa sababu mvuke wa methanoli ni sumu na hushika moto upesi.

Alizunguka pale asubuhi nzima, akigonga na kunusa, mpaka muuzaji akauliza kama anachagua tangi au mchumba. Ndipo akaliona: hita ya maji ya kuogea, iliyong'olewa kwenye nyumba ya wageni.

"Lilikuwa na koti," anasema, akimaanisha lile ganda la nje linalozuia joto lisitoroke. "Nikajua mafuta yangu hayatapata baridi."

Kitako chake kilikuwa kimebinuka kwa ndani, uzito ungebaki pembeni. Kichwa chake kilikuwa cha mviringo kama bakuli. Basi akaamuru ligeuzwe.

"Shemeji, tangu lini tangi likasimama kwa kichwa?" fundi alicheka. "Si litapata kizunguzungu!"

Lakini alilichomelea miguu mitatu, akatoboa kwenye kichwa kilichokuwa chini na kuweka koki ya chuma. Mpira wa koki ulipovimba kwa methanoli, alikwenda kutafuta wa aina nyingine bila kuambiwa. Bomba la mvuke alilitoa juu ya paa. Mota ya umeme waliikataa wakiogopa cheche, wakafunga pampu ya mkono. Jiko la kupashia liko upande wa pili wa ua, na huzimwa kabisa kabla chupa ya methanoli haijafunguliwa.

Mkupuo wa kwanza uligeuka sabuni, kwa kuwa maji hayakutoka vizuri. Wa pili, lita ishirini za masalia zilitoa lita kumi na nane. Aliziosha kwa maji, akazikausha, akainua chupa moja kwenye mwanga. Ilikuwa angavu kama asali changa. Alikaa akiitazama mpaka akasahau kula.

Siku ya kuwasha, shemeji alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Hiki ndicho kitu pekee alichoacha kaka chenye sauti," alisema. "Ukikiua, usiniite nije kukitazama."

Mama Chujio alifungua tangi la mashine. Alimimina, akashika mpini, akazungusha. Mashine ikakohoa. Akazungusha tena. Ikatoa moshi mweupe, ikasita, kisha ikaunguruma hadi vioo vya jirani vikatetemeka. Shemeji alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi macho mekundu, akalaumu moshi.

Sasa ni mwezi wa saba inasaga. Moshi wake unanukia kama jikoni. "Wateja wanauliza nimekaanga nini!" anasema na kuangua kicheko.

Kilichobaki ni ndoto kubwa zaidi. Zahanati ya mtaa wa juu ina jenereta ambayo mara nyingi haiwashwi, kwa kukosa mafuta, hata umeme unapokatika huku mama mjamzito yuko kitandani anajifungua. Wiki iliyopita Mama Chujio alimpelekea mganga mkuu wa hapo chupa moja ya dizeli yake, apeleke ikapimwe. Majibu bado. Shemeji, bila kungoja, ameshaanza kukata chuma cha tangi la pili, mara mbili ya hili.

"Wakikubali, sitaki sherehe," anasema Mama Chujio, akivua glavu moja, kisha nyingine. "Naomba tu nikae kwenye benchi la nje siku hiyo, nimsikie mtoto wa kwanza akilia taa zikiwa zinawaka."