Chatu wa Kaka Yangu

Kaka yangu alipofariki, ndugu waligawana vitu vyake matanga yalipoisha: redio, baiskeli, viatu alivyovaa kwenye kiwanda cha saruji. Chatu hakuna aliyemtaka. Kaka alimwokota shambani Nyakiyumbu, chatu akiwa bado mdogo, akamlea. Nikasema nitamchukua mimi. Sikumpenda. Nilisema tu, kwa sababu watu wote walikuwa wamenyamaza.

Nilimweka nyumbani kwangu Bwera, ndani ya sanduku la mbao lenye wavu. Mama, ambaye hakuwahi hata kumsogelea, alikuja akaingiza sweta ya marehemu mle ndani.

"Amezoea harufu yake," alisema.

Haukupita muda sweta haikuonekana. Chatu alikuwa na uvimbe katikati ya mwili, na panya niliyempa hakumgusa.

Daktari wa mifugo mjini Kasese alizoea ng'ombe na mbuzi. Alimpapasa, akampigia simu mwenzake wa Kampala, kisha akampasua. Mimi nilikaa nje kwenye benchi. Alipotoka alibeba beseni. Sweta ilikuwa imesokoteka kama kamba, buluu yake bado inaonekana.

"Unaihitaji?"

"Tupa," nikasema.

Nilingoja machozi. Hayakuja. Akanipa sindano za kumchoma nyumbani; nikauliza zinachomwa wapi.

Jioni nilimweleza Mama kwa simu. Aliuliza kama chatu atapona.

Nilimtandikia chatu magazeti, maana vumbi la mbao lingeingia kwenye mshono. Usiku Bwera kuna baridi, kwa hiyo nilijaza maji moto kwenye chupa, nikaifunga kwa kitambaa na kuiweka nje ya sanduku, ubavuni. Asubuhi nilipaka dawa ya kidonda, nikanawa mikono, nikaenda mpakani Mpondwe kushughulikia forodha ya mizigo ya watu. Wenzangu walinipa pole. Niliitikia asante, kama mtu anayerudisha chenji.

Sindano zilihitaji watu wawili. Jirani yangu, mama anayeuza vitenge, aliyekimbia vita huko Beni, ng'ambo ya mpaka, alisimama mlangoni.

"Dada, ile nyoka iko muzima kweli?"

"Mzima. Nisaidie kumshika."

Akafanya ishara ya msalaba. Kisha akavua kandambili, sijui kwa nini, akaingia. "Nashika mukia tu. Kichwa ni ya wewe."

Nilipokuwa nikivuta dawa kwenye bomba la sindano, alinitazama. "Tangu kaka yako anakufa, sijaonaka wewe unalia."

"Sijui nimeingiwa na nini," nikasema, nikachoma.

"Hata mimi nilikuwaka hivyo. Tulifika huku, nikapika, nikafua, basi. Siku moja sombe, ile majani ya muhogo, iliungua kwa sufuria. Nikalia juu ya sombe mpaka batoto bakaogopa."

Alishika ule mkia kwa mikono miwili mpaka nilipomaliza, na kesho yake akaja bila kuitwa.

Mshono ulifunga. Chatu alijivua gamba, nyuzi nyingi zikatoka nalo. Zilizobaki daktari alizikata. Aliniruhusu kumlisha, lakini nianze na panya mdogo.

Nilimtupia asubuhi, nimeshavaa nguo za kazi. Alikaa tuli, halafu akamkamata. Jirani alipiga ukelele kutoka mlangoni, akacheka. Mimi sikufurahi. Ila nilivuta kigoda, nikakaa mbele ya wavu nikitazama koo lake likisukuma polepole, na simu ya kazini ikaita mara nyingi kabla sijainuka.