Waliokosa wa Kuwachukua

Wenzake wa bwenini walimwita Kobe, na hakuwahi kulikataa jina hilo. Alikuwa msichana wa kwenda polepole. Akifua, wenzake wanaanua nguo zao yeye bado yuko kwenye kola ya shati la kwanza. Akiulizwa swali darasani, mwalimu anahamia kwa mwingine kabla hajafungua mdomo, kisha jibu lake linatoka wakati watu wameshasahau swali. Mama yake, fundi cherehani aliyemlea peke yake kwa kushona sare za shule, alikuwa akimtania kwamba hata kuzaliwa alichelewa, mkunga akalala usingizi. Kobe alisomea ustawi wa jamii. Mama yake hakujua vizuri hiyo ni kazi ya namna gani, ila aliamini ina meza na kiti, na hilo lilimtosha.

Mwaka wa mwisho, chuo kiliwataka wanafunzi wajitolee mahali fulani katika jamii. Wengi walichagua vituo vya watoto. Walikwenda na sabuni na biskuti, wakapiga picha wamebeba watoto, wakarudi. Kobe naye angekwenda huko, kama Mwenyekiti asingemfuata mgahawani.

Mwenyekiti aliitwa hivyo kwa sababu kila kikundi kilichoanzishwa chuoni, uenyekiti ulimwangukia yeye. Alikuwa kijana mrefu, mwenye maneno mengi, anayeweza kuchekesha watu hata nje ya mlango wa chumba cha mtihani. Siku hiyo hakuwa na kichekesho. Alikuwa ametoka hospitali ya serikali, kumsindikiza mwanafunzi mwenzao kuchukua mwili wa baba yake.

"Kobe, kule mochwari kuna watu wamelala hawana wa kuwachukua," alisema. "Wamefungwa kikaratasi kwenye kidole cha mguu, kimeandikwa 'hajulikani'. Nimemuuliza mhudumu wanapelekwa wapi. Anasema wakijaa, manispaa inaleta gari, wanafukiwa shimo moja."

"Sasa sisi tufanye nini?"

"Tuwatafutie watu wao. Haiwezekani mtu akakosa mtu kabisa."

"Na kama kweli hana?"

"Basi angalau tujue alikuwa anaitwa nani."

Kobe alifikiri kwa kasi yake ya kawaida. Chai ya Mwenyekiti ikapoa, ikafanya utando juu. Mwishowe akasema, "Haya."

Kikundi kilianza na wanafunzi wengi, lakini wengi wao waliishia mlangoni. Wengine harufu ya dawa iliwageuza, wengine waliingia mara moja wakatoka mbio kwenda kutapika kwenye maua ya hospitali. Kufikia mwisho wa muhula walibaki wao wawili. Mhudumu wa mochwari, mzee mfupi wa buti za mpira, mwanzoni aliwaita watalii. Baadaye akaanza kuwawekea viti.

Kazi ilijigawa yenyewe. Kobe alitazama. Alikaa na maiti mmoja hata asubuhi nzima, akiangalia kovu, meno, pindo la suruali. Mtu wa kwanza waliyempatia jina alikuwa mwanamume ambaye vidole vyake vilikuwa na gundi iliyokauka na alama za kuchomwachomwa na sindano. Kobe akaenda kwa mafundi viatu wanaokaa nyuma ya soko, akapita kwa mmoja baada ya mwingine akiuliza nani hajaonekana. Fundi mmoja aliacha kushona.

"Jirani yangu hapa," alisema, akionyesha mahali patupu pembeni yake. "Nilidhani amehama bila kuniaga. Nikamkasirikia."

Huyo fundi ndiye aliyejua namba ya mdogo wake marehemu. Na hapo ikaanza kazi ya Mwenyekiti, kwa kuwa Kobe alikuwa na kigugumizi cha simu. Mwenyekiti alitoka hadi kwenye korido, akaegemea ukuta, akapiga.

"Ndugu yangu, kaa chini kwanza. Kaka yako amefariki. Tunaye hapa, tunamtunza mpaka mje."

Alisema neno "amefariki" wazi, bila kuzunguka. Alimfundisha Kobe kwamba mtu akizungushwa anabaki na tumaini, na tumaini hilo ndilo linalomuumiza zaidi. Mdogo wa marehemu alifika, akalia, akawashika mikono wote wawili hadi vidole vikauma. Siku hiyo walirudi chuoni wakiwa na furaha ambayo waliona aibu kuionyesha.

Walipomaliza chuo, kikundi kikaandikishwa kuwa shirika. Akapatikana mfadhili, wakapanga vyumba viwili juu ya duka la ndoo na mabeseni. Mwenyekiti akawa mkurugenzi, Kobe akawa afisa. Mama yake Kobe alipoelewa hatimaye mtoto wake anafanya nini, alisimamisha cherehani.

"Nimekusomesha ukakae na maiti?"

"Nakaa na ndugu zao pia, mama."

"Hao ndugu wana makwao. Haya, sikatai. Ila ukirudi, nguo unavulia uani, na unaoga kabla hujanisalimia. Mimi bado nahitaji kuishi."

Ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Kobe aliifuata miaka yote.

Watu wengi walidhani mzigo mzito ni wa anayewatazama wafu. Haikuwa hivyo. Wafu walikaa kimya. Waliopigiwa simu ndio waliopiga kelele, na kelele zote ziliingia sikio la Mwenyekiti. Wako waliomwambia, "Huyo kwetu alishakufa zamani," wakakata. Wako waliomwita tapeli. Mama mmoja, aliyepewa habari za binti yake, alimwomba asikate simu, kisha akalia, na Mwenyekiti akashika simu sikioni mpaka ikaisha chaji. Baada ya hapo alianza kunywa mchana.

"Zinabaki," alimwambia Kobe. "Sauti zao. Nikilala zinaendelea."

"Nipe mimi nipige."

"Wewe? Si mtu atazeeka kabla hujamaliza kusema haloo?"

Walicheka. Huo ulikuwa utani wake wa mwisho ambao Kobe aliukumbuka.

Mgeni kutoka kwa mfadhili alipokuja, alisifu kazi, akazunguka vyumba vyote viwili, kisha akauliza kama kuna familia yenye furaha inayoweza kupigwa picha kwa ajili ya ripoti. Mwenyekiti alianza kucheka. Alicheka akashindwa kujizuia, akashika meza, machozi yakamtoka, na pumzi yake ikanuka pombe chumba kizima. Mgeni alifunga mkoba wake. Mwaka uliofuata ufadhili haukuja, na vyumba vya juu ya duka la ndoo vikarudishwa kwa mwenyewe.

Hospitali ilikubali kuichukua kazi ile, kwa nafasi moja tu ya ajira. Ilimpa Kobe. Kila mtu alijua kwa nini.

"Chukua," Mwenyekiti alimwambia. "Mimi simu sizitaki tena."

"Nenda nyumbani kwa mama yako ukapumzike. Kula, lala. Ukipata nguvu tutajua la kufanya."

"Nitakwenda."

Kobe alimsindikiza stendi, akambebea begi, akamwona akipanda basi na kukaa dirishani. Kwa muda zilikuja salamu kwenye simu: mama hajambo, anakusalimia, nalima kidogo. Kisha zikapungua, kisha namba ikawa haipatikani. Kobe alijiambia mtu amepumzika, asisumbuliwe. Kazini alikuwa peke yake, maiti hawakomi kuletwa, na simu sasa alipiga yeye, kwa kigugumizi chake, wenye haraka wakimkatia, naye akilazimika kupiga tena.

Wanafunzi wapya walianza kuletwa na chuo, naye akawa anawafundisha. Alikuwa nao alasiri moja, akiwaonyesha namna ya kuangalia mikono, mhudumu alipomwita pembeni.

"Waambie watoto waende nyumbani."

"Bado hatujamaliza, mzee."

"Waambie waende."

Walipoondoka, mzee alisimama mbele ya mlango wa chumba cha ndani kwa muda, akiwa kama mtu aliyesahau alikuwa anataka kufanya nini.

"Ameletwa leo asubuhi," alisema. "Wamemtoa kwenye jengo lile lisilokwisha, nyuma ya stendi. Wamemwandikia 'hajulikani'. Nimekitoa kile kikaratasi. Huyu, mwanangu, hatutamtafutia jina."

Kobe aliingia. Mwenyekiti alikuwa amekonda hadi urefu wake ukaonekana kama kosa. Ndevu zilikuwa zimeota ovyo, miguu imevimba, ngozi imekuwa na umanjano. Kobe alianza kumtazama kama alivyozoea kuwatazama wengine, kutoka kichwani, na akashindwa kufika mabegani. Akavuta kiti, akakaa. Mzee akamwacha.

Namba ya mama yake Mwenyekiti alikuwa nayo tangu chuoni. Alikwenda kwenye korido. Simu iliita kidogo tu.

"Haloo! Ni wa ofisini?" Mama huyo aliijua sauti yake. "Afadhali umepiga, binti yangu. Mwambie mwenzako asizime simu yake namna hii. Najua mna safari nyingi, lakini hata salamu?"

Kobe alifungua mdomo. Maneno yalikwama pale pale yanapokwama kila siku.

"Haloo? Unanisikia?"

"Mama, umekaa?"

"Kukaa kwa nini?"

"Ame-... amefariki, mama. Mwanao amefariki. Ninaye hapa."

Mama hakupiga kelele. Kobe alisikia kuku, na mtu akipita akiuliza kuna nini. Kisha simu ikakatwa.

Alifika kesho yake na kaka yake mkubwa, mjomba wa marehemu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye uso ule ule wa mwanawe, kiasi kwamba Kobe alimtambua tangu akiingia getini. Aliingia kumwona mwanawe, akakaa ndani muda mrefu. Alipotoka, alikataa maji, akaketi kwenye benchi la korido karibu na Kobe.

"Alikufaje?"

"Daktari anasema ini. Na baridi ya pale alipokuwa akilala."

"Akilala wapi?"

Kobe alimwambia. Aliwahi kufikiria kumficha, usiku kucha hakufikiria jambo jingine, lakini kwa miaka yote alikuwa akiwaambia wengine ukweli na hakuona kwa nini huyu anyimwe.

"Aliniambia yuko ofisini," mama alisema. "Kila nikimuuliza lini utakuja, ananiambia kazi ni nyingi, watu wanamtegemea. Nikawa najisifu kwa majirani." Alimgeukia. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilidhani yuko kwako, mama."

"Na mimi nilidhani yuko kwako."

Walikaa hapo. Machela ilipitishwa mbele yao, wakavuta miguu. Mjomba alirudi na karatasi za ruhusa ya kuuchukua mwili.

Mama hakutaka Kobe apande gari lililobeba mwili. Hakumfokea. Alisema tu kwamba nafasi hakuna, na gari lilikuwa na nafasi. Kobe alibaki getini na mhudumu, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amevaa viatu vya kawaida.

Alirudi nyumbani, akavulia nguo uani, akaoga, na alipotoka hakumsalimia mama yake, akalala. Kwa majuma kadhaa hakwenda kazini. Fundi cherehani alimwambia acha, kazi zimejaa duniani, hata kushona vifungo ni kazi. Akamkalisha kwenye cherehani ya pili. Kobe alishona sare za watoto, taratibu, mshono wake ukiwa mzuri na wateja wakilalamika kuchelewa. Siku moja aliinua kichwa, akasema kuna maiti wa mzee mmoja aliyemwacha mochwari, ana kovu la kuungua kifuani, na hakuna aliyeenda kwa wahunzi kuuliza. Mama yake aliendelea kushona. Halafu akasema, "Kesho ukirudi, nguo uani."

Sasa Kobe hamruhusu mwanafunzi kupiga simu peke yake. Wanapiga wawili, mmoja akisema, mwingine akimshika bega. Ambaye hajaonekana, wenzake wanaenda kumgongea mlango, na hawaridhiki na salamu za maandishi. Wapo waliokasirika kwa kufuatwafuatwa hivyo. Mwanafunzi mmoja, aliyekuwa hodari kuliko wote, alifungua mlango akilia, akasema ameshindwa, akaenda kutafuta kazi benki. Kobe alimsaidia kuandika barua ya maombi. Mwingine aliacha chuo kabisa na mpaka leo hawajui yuko wapi, ingawa waligonga.

Mama yake Mwenyekiti humpigia simu. Hakuna mpango maalum. Siku nyingine anampigia kumlaumu, anamuuliza ni rafiki gani anayemwacha mwenzake kwenye dirisha la basi akageuka, na Kobe anasikiliza hadi mwisho bila kujitetea. Siku nyingine anauliza kama amekula. Juzi alipiga wakati Kobe akiwa na familia ya marehemu mmoja koridoni, akamwambia asubiri, akaweka simu mfukoni, akawaingiza wale watu ndani mmoja mmoja. Alipoitoa simu, ilikuwa bado hewani.

"Umemaliza?" mama aliuliza.

"Bado, mama. Yuko binti yao hataki kuingia."

"Basi nenda. Mimi nitapiga kesho," akasema, na kwa sauti yake Kobe hakuweza kujua kesho hiyo itakuwa ya aina ipi.