Anga la Duara Juu ya Mtama

Saa nane kasorobo mchana, upepo uligeuka. Saa hiyo naikumbuka kwa sababu mwalimu, jirani yetu wa upande wa chini na mtu pekee aliyekuwa na redio, alikuwa ametoka kusikiliza habari za saa saba na kuja kututangazia: manyunyu yanatarajiwa jioni, kutoka milima ya Kisii kuelekea ziwani. Juzi nilisikia redioni karibu maneno yaleyale jikoni kwangu, pamoja na onyo la moshi wa nyasi zinazoungua. Nilisimama na mwiko mkononi mpaka ugali ukashika chini ya sufuria.

Ilikuwa miaka ya sitini. Boma letu lilikuwa chini ya milima ya Gembe, mgongo kwa mlima, uso kwa kisiwa cha Rusinga, ambacho wakati huo bado watu walikivukia kwa mtumbwi. Mwisho wa kiangazi ulikuwa na harufu yake: dagaa walioanikwa juu ya nyavu kuukuu, samadi iliyokauka, na uji wa mtama uliochachuka ambao nyanya yangu alitupatia asubuhi kabla ya kututuma kuni. Na juu ya yote hayo, moshi. Kila mwaka kabla ya masika wenye ng'ombe walichoma nyasi kavu za mlimani ili mpya zichipue. Hawakuchoma ovyo. Mtu alisubiri dalili za mvua, akawasha asubuhi upepo ukivuma kutoka ziwani, moto ukapanda wenyewe na kuishia kileleni.

Siku hiyo aliyewasha ni jirani wa upande wa juu, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Moto ulipanda vizuri. Lakini nyasi za mwaka ule zilikuwa nene, na kufika adhuhuri ulikuwa haujafika hata nusu ya mlima. Hatukuona kilele wala wingu, ila moshi wenye rangi ya maziwa yaliyoingia majivu. Na mvua yetu ya alasiri hutoka nyuma ya mlima huo, ikitanguliwa na upepo wake. Upepo uleule uliokuwa unatuletea mvua ukaugeuza moto na kuuteremsha kwetu.

Nyanya hakukimbia. Alitazama ghala lake.

Kama hukupata kuliona, ghala la kwetu lilikuwa kapu kubwa la fito, refu kuliko mtu, limesimama juu ya mawe, na paa lake la nyasi lilikaa juu kama kofia. Ukitaka nafaka, unaliinua paa upande mmoja kwa mti wenye panda, mtoto anaingia kuchota. Ndani mlikuwa na mtama wa kula na, kwenye vibuyu vilivyozibwa, mbegu za msimu mzima. Nyanya alikuwa mke wa kwanza wa boma, na kwa desturi yetu hakuna mke mwingine aliyeweza kupanda kabla yake. Mbegu zake zikiungua, boma zima lingekaa na majembe likitazama mvua.

"Litoeni paa," aliwaambia wake za baba zangu wadogo. "Lote. Lipelekeni kule kwenye uwanja wa ng'ombe."

Jirani alikuwa amefika mbio, uso umejaa masizi. "Nyar Gwassi!" alipiga kelele, ndivyo nyanya alivyoitwa, binti wa Gwassi, kwa kule alikozaliwa. "Mvua iko mlangoni! Unafunua ghala? Utavuna chipukizi humo ndani!"

"Shemeji, mvua yako umeisikia. Moto wako ninauona."

"Mwalimu, mwambie huyu!"

Mwalimu alikohoa. "Redio imesema jioni tu, mzee. Haikusema nani atatangulia."

"Basi mimi paa langu silitoi," jirani akasema, akarudi kwake na matawi mabichi ya kupigia moto.

Nikaingizwa mimi ghalani, kwa kuwa nilikuwa mwembamba kuliko wasichana wote wa boma. Nyanya alinipa kipande cha gunia alichokilowesha na kukikamua sana, kwani maji yangeharibu mtama kama moto. Kazi yangu ilikuwa kuzima kila cheche iliyoangukia ndani, na kuwaita tone la mvua likinigusa, warudishe paa.

"Lakini usiite kwa tone moja," alisema, mkono wake ukingoni mwa ghala. "Tone moja ni jasho. Ukiguswa mahali pawili, ita."

Nilipiga magoti juu ya mtama uliokuwa na joto kama mwili wa ndama. Vumbi lake lilinikaba. Juu yangu palikuwa na anga la duara, na katika duara hilo vilipita vipande vya nyasi nyeusi, vingine vikiwa na ukingo mwekundu. Kila chekundu kilichoshuka nilikibana na gunia. Nje nilisikia matawi yakipiga ardhi, ng'ombe wakilia, na sauti ya nyanya ikiita majina yetu kuhakikisha kila mmoja yupo. Kitu kikanigusa shavuni. Nilitamani sana kuita. Nikanyamaza. Halafu bega, halafu kisigino.

"Dani! Koth!" Nyanya! Mvua!

Paa lilirudishwa nami ndani. Giza likawa totoro, na mvua ikaanza kupiga nyasi juu ya kichwa changu kama vidole vya watu wengi. Ndilo jambo tamu kuliko yote niliyowahi kusikia.

Mvua ilimkuta jirani ghala lake limekuwa mawe na majivu. Cheche ilitangulia. Alikuja kesho yake, kofia mkononi, akasimama mlangoni.

"Umekuja na redio?" nyanya akamuuliza.

Jirani akacheka mpaka machozi, na hayakuwa ya kicheko yote. Nyanya akanituma ghalani. Nilichota mbegu nikamjazia jirani kapu, kisha nyanya akachukua jembe akaenda kupanda, na wengine wakamfuata kwa zamu zao.

Leo bomani kwetu hakuna ghala hata moja. Mahindi hununuliwa kwa mfuko, mbegu hutoka dukani, na watoto wa ndugu zangu hawajui paa linaloinuliwa ni nini. Juzi redio ilisema kweli: moshi mchana, manyunyu jioni. Majirani walianua nguo mapema. Mimi nilikaa uani karibu na kamba, nikatazama juu, nikaguswa mkononi. Nilisubiri niguswe mahali pa pili.